Ng'ombe Anaota Televisheni

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kuyachukua, nautangazia umma wa Tarime, majirani zetu wa Serengeti na mataifa yote yenye umeme kwamba albamu kuu ya karne hii imezaliwa. Inaitwa Ng'ombe Anaota Televisheni. Imepigwa na bendi ya Kwato, bendi ya kwanza ya panki ambayo mimi binafsi nimewahi kuisikia mkoani Mara.

Imezaliwa ndani ya stoo ya mahindi ya shule ya bweni. Imerekodiwa kwa simu ya mwalimu yenye kioo kilichopasuka, na katikati ya wimbo wa pili mpishi aliingia kuchukua debe la mahindi akauliza nani amekalia ungo wake. Sauti yake imo. Tulitaka kumtoa, lakini Oyoo akasema ndiye pekee kati yetu aliyeimba kwa ufunguo sahihi.

Panki, kwa wasiojua, ni muziki wa watu wenye hasira nyingi na nyuzi chache. Hasira hatukuwa nazo sana, ila nyuzi chache tulijaliwa. Gitaa letu lilistaafu kutoka kwaya ya kanisani likiwa limebakiwa na nyuzi tatu, na mmoja kati ya hizo ulikuwa waya wa klachi ya pikipiki. Nililipiga mimi, Vincent, mzaliwa wa Kenyamonta, mtunzi wa maneno yote na mwenyekiti wa maisha. Ngoma, yaani ndoo mbili na sufuria lililotoboka, zilikuwa za Oyoo kutoka Sirari. Wajomba zake wako Migori, na ndiko alikotoka na kadi ya memori iliyojaa Wazungu wanaopiga kelele. Mwimbaji alikuwa Gati wa Itiryo, msichana mpole mwenye sauti inayoweza kumrudisha ng'ombe kutoka shamba la jirani bila kuchukua fimbo.

Tatizo lilikuwa ruhusa. Mkuu wa shule alishasema kelele zote shuleni ni za kengele na za Mungu. Mwalimu Selestina, anayetufundisha Kiswahili, ndiye aliyetuonea huruma.

"Nitawatetea," alisema, "ila mnionyeshe nyimbo hizi zina faida gani katika fasihi."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoondoka mbele yangu, kama kawaida yake.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya msibani, "nyimbo hizi zote zimechotwa kwenye riwaya moja. Riwaya iliyosahaulika. Ya mwandishi wa huku huku kwetu."

Akashusha miwani. "Mwandishi gani?"

"Mogesi wa Itiryo."

Sikumchagua. Jina lilikuja lenyewe, kama inzi. Itiryo niliitaja kwa sababu Gati alikuwa amesimama mbele yangu na Gati ametoka Itiryo.

"Sijawahi kumsikia."

"Alivuka kwenda Kenya ujanani, Mwalimu, hakurudi. Kitabu kilibaki kwa mjomba wangu Kenyamonta, hakina hata jalada. Mjomba hakitoi nje ya nyumba. Mimi nimenakili tu vipande."

Mwalimu Selestina ni mtu anayelia akisoma mashairi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Alifuta miwani, kisha akatukabidhi ufunguo wa stoo na simu yake. Wenzangu nao waliamini. Sikuwaambia ukweli, maana siri ya watu watatu ni tangazo, na matangazo yote ya bendi ni kazi ya mwenyekiti.

Basi tukaanza. Stoo ile ina magunia mpaka darini, na sauti ikiingia mle inakuwa nzito na laini, kama unaimba ukiwa umejifunika blanketi. Asubuhi za Nyarero, shule yetu ilipo, ukungu hushuka mlimani ukaingia mpaka kwenye nyufa za mlango, na vumbi la mahindi huelea kwenye mwanga. Nilikuwa nafumba macho napiga waya wa klachi, na sikujua tena kama niko shuleni au niko ndani ya kichwa cha mtu aliyelala.

Nyimbo zilitoka huko. Kuna Stelingi Amelala, ambamo jamaa wa filamu za ngumi, zile ambazo msimulizi anaongea juu ya sauti ya Kichina, anachoka kupigana, anaingia kwenye riwaya na kujilaza katikati ya sura ya tatu, na wahusika wengine wanapita juu yake kwa adabu. Kuna Mama Mkwe wa Korea, yule mwovu wa kwenye tamthilia, ambaye anaamka siku moja gulioni Nyarero akiwa na vito masikioni, akibishania mkungu wa ndizi. Katika Dakika za Nyongeza zimwi wa hadithi za bibi yangu anapewa pasi na mtangazaji wa mpira, anabaki yeye na kipa, anasimama, anamuuliza kipa kama anaota. Kipa anasema ndiyo. Mechi inaishia hapo.

"Kwa nini Gati anarudia mstari huu mpaka mtu anachoka?" Mwalimu Selestina aliuliza.

"Takriri, Mwalimu."

"Na hizi kelele zisizo na maneno?"

"Tanakali sauti."

"Na Oyoo kuangusha sufuria?"

"Hiyo nimeiangusha tu, Mwalimu," Oyoo akasema. "Ilikuwa imeteleza."

"Taharuki," nikamsahihisha.

Kila jioni Mwalimu aliomba kipande kingine cha kitabu, nami nilimpa. Nilikitunga wakati wa kufua soksi. "Ng'ombe walilala wote wametazama upande mmoja, na ndani ya kila jicho kulikuwa na televisheni ndogo, na ndani ya kila televisheni kulikuwa na nyumba yetu, mlango ukiwa wazi."

"Lakini Mogesi aliiona wapi televisheni, miaka ile?"

"Kenya, Mwalimu."

Neno Kenya ni dawa. Kwetu huku, lolote usiloweza kulieleza, ukisema Kenya, watu wanatikisa kichwa.

Kitu kimoja tu sikukitarajia. Mogesi alianza kunizoea. Nikisinzia darasani namwona anapanda kilima, kijana mrefu, kaning'iniza viatu shingoni ili visichakae, hageuki. Nilikuwa nataka kumwita nimuone uso, na kila mara kengele inalia. Kwa hiyo wimbo wa mwisho wa albamu nikampa yeye. Ndio wimbo pekee wa panki ninaoujua unaoweza kumlaza mtoto. Oyoo anapiga gunia kwa kiganja, mimi nagusa uzi mmoja, na Gati, badala ya kupiga kelele, anaita polepole kama mtu anayeita ng'ambo ya mto:

Mogesi amevuka, hakuaga,
Mogesi amekufa ugenini,
ng'ombe wamemwota, wameamka,
mwezi juu ya zizi, yeye hayupo.

Kwa nini nilimuua? Kwa sababu riwaya nyingi za shule mtu anakufa mwishoni, na nilitaka ionekane ya kweli. Tulipomaliza kurekodi, mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na debe lake, aliondoka bila mahindi.

Mwalimu Selestina aliufurahia wimbo ule kiasi kwamba aliutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, akaandika chini yake: "Maneno ya Mogesi wa Itiryo, mwandishi wetu tuliyemsahau." Nikajisikia mkubwa. Nilifikiria hata kumtafutia mwandishi wangu tarehe ya kuzaliwa.

Jumamosi iliyofuata, mchana, tulikuwa stoo tunafanya mazoezi mlango ulipofunguliwa. Aliingia Mwalimu Selestina, uso unang'aa kama mtu anayeleta mgeni rasmi. Nyuma yake mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti na mabuti ya mpira, na nyuma ya mzee mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni.

"Babu," Gati akasema, akaacha maikrofoni yetu, ambayo ilikuwa mwiko wa kusongea ugali. "Wifi Felista. Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani kuzima," mzee akasema.

Tukamwamkia shikamoo wote kwa pamoja, akaitikia, akakaa juu ya gunia na kuangalia stoo yote taratibu, ndoo, sufuria, gitaa.

"Ndimo mlimoliitia lile jina?"

"Ndimo, babu," Gati akasema.

"Mwenye kitabu ni nani?"

Oyoo alininyooshea kijiti cha ngoma bila kufikiria. Oyoo ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, hasa upande wa kuzikana.

"Mura, kijana wangu, sogea. Masikio yangu yamenitangulia kuzeeka." Nikasogea. "Mimi naitwa Nyangwine. Huyo mnayemwimba ni mdogo wangu, tumefuatana kunyonya ziwa moja."

Gati alikuwa amefumba mdomo kwa mkono.

"Babu, yule tunayemwita Aliyevuka? Ndiye Mogesi?"

"Wewe ungelijuaje? Kwetu jina lake halijatamkwa tangu mama yangu alipolikataza." Akanigeukia mimi, kama mtu anayemweleza mwenzake. "Alivuka kijana, hatukupata habari. Hatujui tumlilie au tumngoje. Basi mama akasema, jina lipumzike mpaka ijulikane. Kila tukichinja tunamwekea fungu lake juu ya dari, jioni wanapewa watoto wa jirani. Mimi nimezeeka nikiweka hilo fungu."

"Sasa huyu," Felista akasema, akimgeuza mtoto aje mbele. Alikuwa analala, kidole kinywani. "Tangu azaliwe alikuwa analia tu. Tukamtajia majina ya wazee wote waliotangulia, analia. Babu akamnong'oneza moja sikioni, akanyamaza hapo hapo. Babu akakataa kusema ni jina gani."

"Ningelisemaje?" mzee akasema. "Jina la mtu wa boma, kama mwenyewe anapumua huko aliko, ukimpa mtoto umemfukia. Kwa hiyo mtoto amekaa bila jina. Tunamwita Wewe. Sasa juzi Felista akaniwekea simu sikioni." Akaligusa sikio lake. "Nikasikia sauti ya mjukuu wangu inaniambia Mogesi amekufa."

Ndoo moja ya Oyoo ilianguka ikalia. Hakuna aliyeiita taharuki.

"Kesho tunampa mtoto jina," mzee akasema. "Mbuzi amefungwa, na fungu la dari ndio mwisho wake. Lakini siwezi kumfukia ndugu yangu kwa wimbo tu. Nimekuja nisikie kitabu kinasemaje."

Kama wewe unayesoma ni mtu mwema, hapa ungesema ukweli. Mimi nilimtazama Mwalimu Selestina, nikaona anavyojivuna kwa ajili yangu, kalamu tayari mkononi, na ulimi wangu ukavaa viatu.

"Kinasema alikufa, babu."

"Wapi?"

"Kericho. Kwenye mashamba ya chai."

"Kwa ugonjwa?"

"Hapana, babu. Kwa usingizi." Na ajabu ni kwamba niliona kila kitu nilipokuwa nasema. "Alijilaza kati ya mistari ya chai. Ukungu ukaja mweupe kama maziwa, ukamfunika taratibu kuanzia miguuni. Ndani ya ukungu akasikia kengele za ng'ombe wa nyumbani, mmoja mmoja, anawajua wote. Akanyanyuka kuwafuata. Wenzake walipokuja asubuhi walikuta majani yamelala umbo la mtu, na viatu."

Felista alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. Mtoto aliamka, akanitazama. Ninaapa alinitazama kama mwalimu wa zamu.

"Viatu," mzee akasema polepole. "Alikuwa akivivaa shingoni."

Hilo ndilo lililoniangusha. Sikuwa nimeliweka kwenye wimbo wala kwenye kipande chochote nilichompa Mwalimu. Nilishindwa kujua nimelitoa wapi, na kwa dakika ile moja niliamini mwenyewe kwamba kitabu kipo, kipo mahali fulani Kenyamonta juu ya dari, na mimi nakisoma tu. Nikamwonea mzee huruma. Nikataka kumpa kitu cha kuondoka nacho. Zawadi.

"Na wewe amekutaja, babu," nikasema.

Uso wake wote ulifunguka. "Mimi?"

"Ukurasa wa mwisho kabisa. Anasema, 'Mwambieni kaka yangu Nyangwine kwamba sikumsahau.'"

Mzee aliinamisha kichwa, akaanza kuliondoa vumbi la mahindi kwenye buti lake kwa kidole, mstari mmoja, mwingine. Nilidhani analia.

"Rudia, mura."

"Kaka yangu Nyangwine..."

"Nyangwine ni baba yetu," akasema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Mimi nimeanza kuitwa kwa jina lake tulipomzika, boma lilipobaki kwangu. Wakati huo Mogesi alikuwa ameshavuka, miaka mingi. Hakuwahi kuniita Nyangwine hata mara moja. Kwake mimi ni Simioni."

Nikafungua mdomo. Dawa ilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Labda Kenya alisikia..."

"Vincent," Gati akasema.

Alisema hivyo tu. Alikuwa amekuja kusimama karibu na babu yake, mkono begani mwake, na mimi nilikumbuka alivyofumba macho akiita lile jina mpaka sauti ikamkauka, siku nzima, kwa sababu nilimwambia takriri haijatosha.

"Si uongee, bwana," Oyoo akanong'ona. "Sasa wewe unangoja nini? Mbuzi wa watu amefungwa."

Nilijaribu kusimama wima. Nilijaribu hata ile sauti yangu ya matangazo, ile ya mamlaka, nikatafuta maneno makubwa ya kujificha nyuma yake, na sikupata hata moja. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtoto wa darasa la pili aliyevunja chungu.

"Hakuna kitabu, babu. Nilikitunga. Mogesi nilimtunga mimi, na Kericho, na ukungu. Mjomba wangu wa Kenyamonta hana kitabu chochote, ana kalenda ya duka la pembejeo. Nilitaka turuhusiwe kupiga gitaa."

Nje mpishi alikuwa anakwaruza sufuria. Mzee aliendelea kulitazama buti lake.

"Na viatu vya shingoni?"

"Nilimwona tu hivyo. Nikisinzia darasani. Sijui kwa nini."

"Vijana wote wa wakati ule walivaa hivyo wakivuka," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akainua macho. Yalikuwa makavu. "Kwa hiyo hujui kama amekufa."

"Sijui, babu. Nilimuua kwa sababu ilikuwa mwisho wa albamu."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Akamnyooshea Felista mikono, akampokea mtoto, akampakata juu ya koti la suti.

"Wewe," akamwambia mtoto, "tutangoja tena kidogo." Halafu kwangu, bila kugeuka: "Kesho asubuhi utakuja Itiryo. Boma zima limesikia kwa sauti ya huyu msichana kwamba amekufa. Watasikia kwa mdomo wako kwamba hujui. Ndipo mbuzi atafunguliwa. Tena uje na hilo gitaa lako, waone wewe ni mpiga muziki. Sitaki waseme nimewaletea mwizi wa kuku."

"Nitakuja, babu."

Oyoo akaanza kukusanya ndoo taratibu. Gati hakunitazama. Ila Mwalimu Selestina alikuwa bado amesimama pale pale na kalamu yake, ananitazama kwa macho ya mtu aliyefika mwisho wa ukurasa na anangoja ufunuliwe mwingine. Nikaona afadhali bakora kuliko macho yale.

"Mwalimu," nikasema, "kweli hakuna. Hata zile habari za ng'ombe na televisheni ni zangu. Nilizitunga nikifua soksi."